Siku 12 Kollam, watu 7, na mimi nawinda robo saa ya kukaa peke yangu

BintiMikindani

Wakuu habari za jioni. Huu uzi umekaa kwenye rasimu tangu nirudi, kila nikitaka kuumwaga naona aibu. Leo umeme umekatika, watoto wako kwa bibi yao, simu ina asilimia 60. Naumwaga. Modi tafadhali usiniunganishe na ule uzi wa posho za safari za nje, huku hakuna posho.

Mimi ni mtu wa korosho hapa Mtwara. Kazi yangu ghalani ni kukata sampuli: unachota korosho ghafi, unazipasua moja moja, unatenga nzima, zilizooza na zilizosinyaa, unapima, halafu unatoa hesabu ya pauni ngapi za karanga, yaani kiini cha korosho, zitapatikana kwenye gunia la kilo 80. Msimu uliopita mnunuzi mmoja wa India akalalamika kwamba hesabu yetu na yake zimepishana. Ikaamuliwa watu 7 twende Kollam, jimbo la Kerala, tukakate pamoja nao meza moja.

Kwa wasioijua, Kollam ni Mtwara ya India. Si utani. Korosho za huku kwetu na za Msumbiji zimebanguliwa kule tangu enzi za wazee wetu. Ukishuka uwanja wa Thiruvananthapuram na kushika barabara ya kaskazini ni minazi mwanzo mwisho, wanaume wamevaa msuli mweupe wameukunja hadi magotini, na mgahawani wanakuletea mhogo wa kuchemsha na mchuzi wa samaki. Mhogo! Mwenzetu mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Tumepita Doha, tumevuka bahari, tukakaribishwa mhogo.

Kazi iliisha salama, sina la kusema sana. Sehemu kubwa ya ubishi ilikuwa unyevu na namna ya kuchota sampuli. Nilichokuja nacho hapa ni kingine. Siku 12 zile sikuwa na mahali pa kukaa peke yangu, na nilikaribia kuchanganyikiwa.

Najua mtu atasema: wewe umezaliwa nyumba ya watoto 9, umelala mkeka mmoja na dada zako, leo unataka faragha? Ndiyo. Maana nyumbani nina upenyo wangu. Naaga kwamba nakwenda kuangalia kama samaki wamefika. Mtu wa Mikindani anajua: kuangalia samaki kunaweza kuchukua saa nzima, ukarudi mikono mitupu, na hakuna atakayekuuliza samaki wako wapi. Kollam sikuwa na samaki wa kwenda kuangalia.

Chumba nililala na mama mmoja wa ofisini, mtu mzima, karibu anastaafu. Nitamwita Mama. Mtu mwema kupita kiasi, ila televisheni yake haizimwi, na lugha yenyewe ni Kimalayalam, haielewi yeye wala mimi. Saa mbili asubuhi chai, meza moja wote 7, kwa sababu mkuu wa msafara alisema tumekuja kama timu. Gari moja. Kiwandani mwenyeji anakusindikiza hadi mlango wa choo, na ukitoka unamkuta. Jioni karamu. Usiku grupu la WhatsApp: "Mmelala?" Katikati hapo simu za nyumbani: fundi anataka hela ya misumari, mdogo wangu anauliza ufunguo wa kabati.

Na ole wako ukinyamaza. "Una nini? Unaumwa? Umekumbuka nyumbani? Nani kakuudhi?" Kwetu mtu akikaa kimya peke yake basi ni mgonjwa, ana deni, au ana maringo. Hakuna la nne.

Jaribio la kwanza lilikuwa bafuni. Bafu za kule zina ndoo na kopo. Siku ya pili usiku nikajifungia, nikaigeuza ndoo, nikaikalia. Raha! Sikuwaza kitu, niliangalia vigae tu. Dakika kama kumi, nasikia ko ko ko. "Mwanangu, tumbo? Dawa ninayo."

Nikakosa la kusema. Nikasema ndiyo, tumbo.

Asubuhi msafara mzima unajua ninaharisha. Mkuu wa msafara akawaambia wenyeji, wenyeji wakaona huruma, nikaandaliwa uji wa mchele, wanauita kanji. Siku mbili nakunywa uji huku wenzangu wanakula mhogo na samaki mbele ya macho yangu. Dakika kumi za ndoo zilinigharimu milo minne.

Naendelea, ngoja nitafute mshumaa.

kuchele_og

Hahahaa milo minne! Endelea dada, tumetandika mkeka hapa.

BwanaGhala

Samahani mleta mada, sijaelewa tatizo. Umekatiwa tiketi, umelazwa hotelini, unakula bure, halafu unalalamika kwamba kuna watu? Kuna vijana huku Tandahimba hawajawahi kufika hata Dar. Mngeniambia mimi ningekaa na hao watu hata mwaka.

Nesi_Zamu

@BwanaGhala hujawahi kukaa zamu ya usiku wodini wewe. Mtu anaweza kuchoka kuitwa tu. Si kazi inayokuchosha, ni "nesi, nesi, nesi". Mimi nikitoka zamu nakaa kituo cha bajaji kama naisubiri, na bajaji zinapita naziangalia. Dada endelea.

BintiMikindani

@BwanaGhala kaka yangu, sikatai neema. Nilikula nikashiba (baada ya uji). Lakini kushiba na kupumzika ni vitu viwili.

@Nesi_Zamu umelisema vizuri kuliko mimi. Kuitwa.

Jaribio la pili naona haya kuliandika, ila nimeshaanza. Sala. Niligundua kwamba katika kundi lile sababu moja tu haiulizwi swali la pili: "Nakwenda kuswali." Hata mkuu wa msafara, ambaye si mwislamu, anainamisha kichwa na kukupisha. Kiwandani walinipa kijichumba nyuma ya stoo ya magunia, kina mkeka na dirisha dogo. Naswali, nikimaliza nabaki. Nawasikia wabanguaji upande wa pili, kina mama watupu, mamia, ta-ta-ta-ta-ta ganda linapasuka. Vidole vimeingia weusi wa mafuta ya ganda, vilevile kama vya kina mama wa huku kwetu. Mafuta yale yanaunguza ngozi, aliyebangua kwa mkono anajua.

Hapo dirishani nikaona kitu. Muda wao wa chai ulipofika, wote walikaa makundi makundi, kelele, vicheko. Mmoja, mtu wa makamo, akachukua mkebe wake wa chakula akaenda nyuma ya rundo la magunia, akakaa ameelekea ukuta. Ukuta hasa, pua na ukuta. Akala taratibu. Hakuna aliyemfuata. Hakuna aliyemuuliza nani kakuudhi. Alipomaliza akajifuta mdomo kwa ncha ya sari, akarudi kwa wenzake, wakampokea na mazungumzo kana kwamba alikuwepo muda wote. Nilimwonea wivu, wallahi. Si wa ule ukuta, wa lile jambo la kutofuatwa.

Basi sala zangu zikarefuka. Adhuhuri ikawa dakika 40. Mama, ambaye naye anaswali, akanitazama kwenye gari siku ya nne akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, msafiri anapunguziwa rakaa. Mbona wewe unaongezewa?"

Nikafa ganzi. Na kweli dhamiri ilinisuta. Kutafuta kimya si dhambi, ila kumfanya Mungu kisingizio cha kukaa dirishani ni jambo jingine. Nikaacha. Nikawa naswali na kutoka.

Ustadh_wa_Lindi

Dada usijihukumu kupita kiasi. Aliyemaliza kuswali akabaki ameketi hajafanya kosa. Tatizo ni pale ulipoaga kwamba unaswali na nia ni nyingine. Lakini huyo Mama ana maneno, nimecheka peke yangu hadi wanafunzi wameniangalia.

LoriMsumbiji

Nimesoma nikasema kweli dunia ina mgawo mbaya. Mimi ni dereva, napakia Masasi, navuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala, nashuka Montepuez hadi Pemba. Kimya kwangu ni cha kumwaga. Utingo wangu aliacha kazi, kwa hiyo ni mimi na injini. Kulala kabini, kula kabini. Saa za Msumbiji ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, hivyo muda ambao nimeegesha nataka kuongea na mke wangu, yeye keshaanza kusinzia. Safari moja siku ya tatu nilijikuta naliambia lori "shikamoo". Dada ukitaka kimya njoo tubadilishane, nikae mimi na huyo Mama na televisheni yake.

BintiMikindani

@LoriMsumbiji pole sana kaka. Nimecheka halafu nikajiona nimekosea kucheka. Lori likajibu marahaba?

Hilo la saa ulilogusa ndilo lililoniokoa mimi, ila kwangu lilielekea upande wa pili. India wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Siku ya tano niliamka alfajiri, saa kumi na moja na nusu ya kule, nikaangalia simu kama kawaida. Hakuna kitu. Hakuna ujumbe, hakuna "upo?". Nikapiga hesabu: Mtwara ni saa tisa usiku. Fundi amelala. Mdogo wangu amelala. Hata mwenye kunidai amelala. Kimsafara nako chai ni saa mbili. Nina saa mbili na nusu ambazo si za mtu yeyote!

Nikavaa, nikajitanda mtandio, nikashuka. Hoteli yetu ilikuwa karibu na stendi ya mabasi, na ukiipita stendi unakutana na gati la boti. Pale ndipo linapoanzia ziwa la Ashtamudi, maji yamejipenyeza kila upande kati ya minazi mpaka hujui lipi ni ziwa na lipi ni mkono wa bahari. Kama ghuba yetu ya Mikindani, ila kubwa mara nyingi zaidi, na imepindapinda. Boti ni za serikali ya jimbo, usafiri wa wananchi wa kawaida kama pantoni letu la Msanga Mkuu, na nauli ni rupia chache ambazo hata hupati nazo chakula. Nikaona watu wanapanda, nikapanda.

Mabenchi ya mbao. Injini iko katikati, inanguruma dudududu mpaka meno yanacheza. Mbele nahodha, juu yake kamba: akiivuta, kengele inalia huku nyuma na mtu wa injini anajua apunguze. Mama mmoja na beseni la samaki. Mzee anasoma gazeti, amelikunja mara nne ili upepo usimpore. Vijana wawili wanabishana, kwa sura yao nafikiri ni mpira. Kulipopambazuka nikaona zile nyavu kubwa wanazoziita za Kichina, zimening'inia kwenye miti juu ya maji kama buibui amelala chali, na mitumbwi ya wavua chaza, mtu amezama mpaka kifuani anakokota kwa miguu yake.

Sasa nisikilizeni. Boti ile ilikuwa na kelele kuliko chumba cha Mama. Injini, kengele, watu, kunguru. Na mimi nilisikia kimya. Kimya kizito, nikahisi mabega yanashuka. Nilikaa nikajiuliza kwa nini, nikaona ni kwa sababu hapakuwa na neno hata moja lililonihusu. Kiswahili kikiwa karibu sikio halipumziki, linadaka tu: nani kasema nini, ananisema mimi, nijibu, nisijibu. Pale maneno yalipita kama upepo wa kusi. Nikajua kwamba siku zote zile nilikuwa sikimbii sauti. Nilikuwa nakimbia jina langu.

Niliposhuka kuna kibanda cha chai gatini. Wanaita *chaya*, kwa hiyo hata hapo sikuhitaji mkalimani. Jamaa anaimimina kutoka chombo cha juu hadi cha chini, mkono umenyooka wote, uzi wa chai hewani, inatoa povu. Ananiwekea glasi bila swali. Nilikunywa nimesimama, nikarudi, saa mbili kamili niko mezani na timu yangu nacheka utani wa mkuu wa msafara kwa moyo mmoja. Sifichi, siku hiyo hata watu niliwapenda zaidi.

Nikaenda siku ya sita. Ya saba. Siku ya nane yule wa chai akaniwekea glasi kabla sijafika, halafu akauliza: "Africa?" Nikajibu ndiyo, Tanzania. Akawaambia wenzake wote. Kila mtu akageuka akatabasamu. Watu wazuri sana. Ila nikajua gati limeshanijua, nikaanza kunywa chai kibanda cha pili.

Nesi_Zamu

Subiri kwanza. Mwanamke, peke yako, nchi ya watu, saa kumi na moja na nusu, hujamwambia mtu? Dada hapo sikuungi mkono. Ungepotea tungemuuliza nani?

kuchele_og

Naungana na nesi. Stori tamu ila hapo ulicheza.

BintiMikindani

Mko sahihi, sijitetei sana. Siku ya kwanza nilikwenda kichwakichwa. Kuanzia ya pili nilimwandikia kijana wa mapokezi muda nitakaorudi, nikabeba kadi ya hoteli yenye maandishi yao, maana ukipotea hata ukimtamkia mtu jina la hoteli kwa lafudhi ya Mikindani hatakuelewa. Nilikaa panapokaa wanawake. Na nilipanda tu boti ambayo nimeshaulizia inarudi saa ngapi.

Isipokuwa siku ya tisa. Siku ya tisa sikuulizia.

Ile boti ilikwenda mbali kuliko zile nyingine. Gati la mwisho ikafungwa kamba, nahodha akashuka, akapotelea nyuma ya minazi. Nikakaa. Nikadhani anajisaidia. Kumbe amekwenda kunywa chai na ana nusu saa yake. Tunafika Kollam saa tatu kasoro. Nakimbia, kandambili mkononi, naona kwa mbali gari limewashwa na wenzangu sita wako ngazini wamepangana kama picha ya harusi.

Mkuu wa msafara hakufoka. Bora angefoka. Alisema, "Tulikuwa tunafikiria namna ya kumpigia mumeo."

Kabla sijafungua mdomo Mama akasema, "Alikuwa anaswali." Saa tatu asubuhi! Sala gani? Hata wasiokuwa waislamu walijua hakuna sala ya faradhi hapo. Lakini alilitamka kwa uzito wa bibi, basi likapita. Nikaomba radhi kwa wote, nikaingia garini, sikunyanyua macho mpaka kiwandani.

Usiku nikamwambia ukweli wote. Ndoo, dirisha, boti. Nilitegemea mawaidha. Mama akachukua rimoti, akazima televisheni kwa mara ya kwanza tangu tufike. Akasema:

"Mimi hili dude silipendi. Nililiwasha kwa ajili yako. Nikasema huyu bado kijana, atakaaje chumba kimya na bibi kizee."

Tukatazamana. Akaendelea, anakunja khanga yake huku haniangalii: "Unafikiri sikusikii unapotoka alfajiri? Nakusikia. Mlango ukifunga tu, nanyoosha miguu kitanda kizima. Sisomi, sisinzii. Nakaa tu. Nimeolewa na miaka 19, nikatoka chumba cha dada zangu nikaingia chumba cha mume, halafu cha wajukuu. Sijawahi kuwa na chumba mimi."

Nikasema, Mama, kwa nini hukuniambia?

"Ningekwambiaje? Ungesema sikutaki."

Akazima taa. Nilikuwa karibu kulala niliposikia: "Kesho nenda. Ila usiwahi kurudi."

Siku tatu zilizobaki tulikuwa na mkataba wetu. Asubuhi boti yangu, chumba chake. Jioni nusu saa hakuna anayeongea, kila mtu kitandani kwake, feni inazunguka. Mara moja mkuu wa msafara aligonga kuuliza kama tumegombana.

BwanaGhala

Haya nimeshindwa. Hiyo ya "usiwahi kurudi" imenimaliza. Mpe salamu Mama.

LoriMsumbiji

Na mimi nimejifunza kwamba kuna mtu anazima redio kwa ajili yangu bila kuniuliza. Mke wangu nikirudi nyumbani ananinyamazia siku nzima, watoto wanafukuzwa nje, eti baba amechoka, anahitaji utulivu. Leo nampigia.

kuchele_og

@BintiMikindani sasa swali. Umerudi Mtwara, unafanyaje? Huku hakuna Kimalayalam.

BintiMikindani

Simu ina asilimia 9, nijibu haraka.

Jumamosi moja nilisema nijaribu. Nikaenda feri asubuhi, nikapanda pantoni la Msanga Mkuu, sina safari, naenda na kurudi tu. Nikatafuta pembeni, nikageukia maji. Hata hatujaondoka gatini, mama mmoja muuza ming'oko, vile viazi vya porini, akanisogelea: "Wewe si binti wa marehemu fulani wa Mikindani?" Ndiyo mama, shikamoo. Marahaba, kwema? Kwema. Akaniangalia, akaangalia maji, akaniangalia tena. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita kaka mmoja wa baiskeli. Katikati ya maji wako watano wamenizunguka, mama wa ming'oko amenishika bega, ananiuliza kwa upole, "Mwanangu, msiba uko kwa nani?"

Nikanunua ming'oko ya elfu mbili. Umeme umerudi, naweka simu chaji.